Mjumbe wa Bodi, Mamlaka Yako Yamo Kikaoni

Barua ya kumwalika mtu kwenye bodi ya shirika lisilo la kiserikali huja na sifa nyingi na maelezo machache. Utaambiwa jina lako lina heshima, uzoefu wako unahitajika, vikao ni vinne tu kwa mwaka na nauli italipwa. Hutaambiwa kwamba siku utakapothibitishwa, jina lako linaingia kwenye orodha ya viongozi iliyoko kwa Msajili, na kwamba shirika likiulizwa fedha zilikokwenda, hakuna atakayepokea jibu la "mimi nilikuwa mjumbe tu".

Nawaandikia watu wa aina hiyo: mwalimu mstaafu, nesi, mfanyabiashara, sheikh, mchungaji au mhandisi aliyekubali, au anayefikiria kukubali, kukaa kwenye bodi ya shirika dogo au la kati Tanzania Bara. Mashirika makubwa ya kimataifa yana wanasheria wao na hayanihusu hapa. Nalenga lile lenye ofisi ya vyumba vitatu, gari moja, wafanyakazi wasiozidi kumi na miradi miwili ya wafadhili. Huko, bodi ikisinzia, hakuna mwingine wa kuliamsha shirika.

Umeingia kwa mlango upi?

Mitaani kila kikundi chenye kibao na mfadhili huitwa NGO. Kisheria mambo ni tofauti, na kanuni zitakazokubana zinategemea chombo kilisajiliwa wapi. Mengi yako chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, ambayo Msajili wake yuko kwenye wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Mengine ni vyama vya kijamii chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, vinavyosajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Mengine yana bodi ya wadhamini iliyoandikishwa RITA kwa Sheria ya Uandikishaji wa Wadhamini, Sura ya 318. Zamani yalikuwapo pia mengi yaliyosajiliwa BRELA kama kampuni zisizo na hisa. Marekebisho ya sheria ya 2019 yalizitaka kampuni za namna hiyo zinazofanya kazi za NGO zihamie kwenye sheria ya NGO. Ukikuta shirika lako bado linatembea na cheti cha kampuni peke yake huku likifanya kazi za hisani, hilo ndilo swali lako la kwanza.

Marekebisho hayohayo yaliweka pia ukomo wa cheti: miaka 10, kisha kinahuishwa. Mashirika yaliyozoea kwamba cheti ni cha milele yanaweza kupitiwa na tarehe hiyo bila kujua. Kwa hiyo omba cheti chenyewe ukione, usiridhike na nakala iliyotundikwa ukutani miaka mingi iliyopita.

Zanzibar ina sheria yake na msajili wake. Msomaji wa Kenya naye asichukue vifungu vya Tanzania: kwake inatumika Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyosainiwa na Rais Mwai Kibaki lakini ikaanza kazi tarehe 14 Mei 2024, zaidi ya miaka kumi na moja baadaye, na kuiweka kando ile ya 1990 iliyokuwa ikisimamia mashirika hayo. Mengi ninayoyasema kuhusu vikao, maslahi na fedha yatamfaa hata hivyo, kwa sababu yanatokana na katiba ya shirika na busara ya uendeshaji kuliko kifungu cha nchi moja.

Kuna mkanganyiko mmoja wa kuufuta mapema, nao ni kati ya wadhamini na bodi ya wakurugenzi. Wadhamini hushika mali kwa niaba ya shirika: kiwanja, nyumba, wakati mwingine gari. Bodi huongoza shirika. Baadhi ya mashirika yana vyombo vyote viwili, mengine watu walewale wanavaa kofia zote mbili bila kujua ni saa ngapi wamevaa ipi. Uliza umeitwa kwenye kipi. Kisha uliza hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani. Nakuhakikishia swali hili litakufundisha mengi kuhusu shirika kwa dakika tano. Kama kiwanja kilichonunuliwa kwa fedha za mfadhili kina jina la mwanzilishi, shirika halina kiwanja. Mwanzilishi ndiye mwenye kiwanja, na akifariki, warithi wake hawatajali katiba yenu.

Karatasi zina ngazi

Juu kabisa iko sheria. Chini yake kanuni zinazotungwa na waziri. Chini ya hizo iko katiba ya shirika, kisha sera zake za fedha, ajira, manunuzi na ulinzi wa watoto. Mkataba wa mfadhili nao una nguvu, lakini ni nguvu ya ahadi mliyoitoa, haiwezi kuifuta katiba. Mfadhili akitaka mkurugenzi aajiriwe na yeye wakati katiba inasema bodi ndiyo inayoajiri, hamna ruhusa ya kukubali kimyakimya. Ama mnakataa, ama mnabadilisha katiba kwa utaratibu wake na kumjulisha Msajili.

Katiba uisome kwa kalamu mkononi. Katiba nyingi za mashirika madogo zilinakiliwa kutoka shirika jingine ili kupata usajili haraka, na dalili zake huonekana: inatajwa kamati ambayo haijawahi kuundwa, au mkutano mkuu wa wanachama katika shirika ambalo halina wanachama zaidi ya waanzilishi watano. Usicheke tu ukapita. Kama katiba inasema wajumbe wa bodi huchaguliwa na mkutano mkuu, na mkutano huo haujaitishwa kwa miaka sita, basi swali la nani aliyekuchagua wewe halina jibu zuri.

Tafuta vifungu hivi na uviandike pembeni: muda wa mjumbe kukaa na mara ngapi anaweza kurudi, akidi, siku za notisi, nani anaitisha kikao na nini kinafanyika mwenyekiti akikataa kuitisha, nani anamwajiri na kumwachisha kazi mkurugenzi, kama mkurugenzi ana kura au anahudhuria tu kama katibu, mwenyekiti ana kura ya ziada kura zikilingana au hana, namna ya kubadilisha katiba, na mali zinakwenda wapi shirika likivunjwa. Hicho cha mwisho watu hukiruka. Kisome. Shirika halikuundwa ili watu wagawane, na kifungu kinachorudisha mali kwa waanzilishi siku ya kuvunjwa ni tatizo linalosubiri siku yake.

Wewe peke yako huna mamlaka

Hapa ndipo wajumbe wengi, wazuri na waaminifu, wanapokosea. Mjumbe wa bodi akiwa nyumbani, njiani au ofisini kwa shirika hana mamlaka yoyote. Hawezi kumwagiza dereva, kuidhinisha malipo, kumwahidi mfadhili wala kumwonya mfanyakazi. Mamlaka ni ya bodi, na bodi ipo pale tu inapokutana kihalali. Hata mwenyekiti, kati ya kikao na kikao, ana yale tu aliyopewa na katiba au na azimio la bodi. Ukilishika hili moja, kanuni nyingine zote utaona zinatoka humo: notisi, akidi, ajenda, kumbukumbu. Zote zinajibu swali moja, kwamba je, bodi ilikuwapo au walikuwapo watu tu waliokunywa chai pamoja?

Chukua mfano. Katiba inasema bodi ina wajumbe 9, akidi ni nusu ya idadi hiyo, notisi ni siku 14. Mkurugenzi anataka kununua gari kwa sababu mwaka wa fedha wa mfadhili unaisha, na fedha zisipotumika zitarudi. Anawapigia wajumbe simu Jumatano, wanakutana Jumamosi. Wanafika watano. Nusu ya 9 ni nne na nusu, hivyo watano wanatosha. Wanapitisha, wanasaini, gari linanunuliwa. Miezi minane baadaye mjumbe aliyekosana na mwenyekiti anaandika barua kwa Msajili. Kwanza, notisi ilikuwa ya siku tatu. Pili, kati ya watano wale, mmoja muda wake wa ujumbe uliisha mwaka uliopita na hakuchaguliwa tena, kwa hiyo wajumbe halali walikuwa wanne. Akidi haikutimia. Gari linaweza kuwa zuri, bei nzuri, risiti zipo, lakini uamuzi wa kulinunua hauna miguu ya kusimamia.

Hakuna mwizi katika mfano huo. Ndiyo maana naupenda. Migogoro mingi ya bodi huanza kwa watu wema walioona utaratibu ni urasimu, ikaja siku adui mmoja akausoma utaratibu vizuri kuliko wao.

Dawa yake ni ya kawaida. Katibu awe na jedwali la tarehe za kuanza na kumaliza kwa kila mjumbe, liletwe kila kikao cha kwanza cha mwaka. Kama katiba inaruhusu kikao cha dharura kwa notisi fupi, barua ya wito iseme wazi kuwa ni cha dharura na itaje jambo moja linalojadiliwa. Kabla ya ajenda ya kwanza, katibu atamke akidi: wajumbe wangapi wapo, wangapi wametoa udhuru, akidi ni ngapi. Iandikwe. Mjumbe akiondoka katikati, iandikwe pia saa aliyoondoka, maana akidi inaweza kuvunjika mkiwa bado mnajadili yatokanayo na kikao kilichopita.

Na kundi la WhatsApp? Ni zuri kwa kukumbushana tarehe na kupeana pole za misiba. Si kikao. Madole gumba sita hayafanyi azimio, isipokuwa katiba yenu imeruhusu uamuzi wa waraka. Kama imeruhusu, fuateni masharti yake: waraka unaandikwa, unazungushwa kwa wajumbe wote na si kwa wale wanaokubali tu, kila mmoja anasaini au anajibu kwa maandishi, na kikao kinachofuata kinauingiza kwenye kumbukumbu. Kikao cha mtandaoni nacho hivyohivyo. Kama katiba yenu iliandikwa 2006 na haikukijua, kibadilisheni kifungu sasa wakati hakuna ugomvi.

Kumbukumbu: andika maamuzi, acha hotuba

Kumbukumbu mbaya ziko za aina mbili. Kuna zile za kurasa kumi na tano zinazoeleza nani alisema nini mpaka mzaha wa mwenyekiti, na kuna zile za nusu ukurasa zinazosema "wajumbe walijadili kwa kina na kukubaliana". Walikubaliana nini? Kumbukumbu nzuri ina jambo, sababu kwa sentensi mbili tatu, uamuzi wenyewe, nani atatekeleza na lini. Kama kulikuwa na kura, idadi iandikwe.

Zisome kabla ya kuzithibitisha. Kikao kinachofuata ndipo nafasi yako ya kusema "sivyo tulivyoamua", na baada ya mwenyekiti kusaini nafasi hiyo imepita. Ukipinga uamuzi, omba pingamizi lako liandikwe kwa jina lako. Wengine wataona unaharibu umoja. Huharibu chochote. Siku wakaguzi wanapokuja kuuliza nani aliidhinisha mkopo wa shirika kwa mkurugenzi, sentensi moja yenye jina lako ndiyo ushahidi pekee kwamba hukuwamo.

Na mengineyo kwa idhini ya mwenyekiti yabaki kuwa mengineyo. Jambo la fedha nyingi likiletwa mwishoni kabisa, saa nane mchana, chakula kikinukia mlango wa pili, lirudishe kwenye ajenda ya kikao kijacho. Mara nyingine huletwa saa hiyo kwa makusudi.

Maslahi: kusema, kutoka, kuandikwa

Katika mji mdogo kila mtu ni ndugu, mteja au jirani wa kila mtu. Mgongano wa maslahi basi si aibu wala kosa. Ni jambo litakalotokea tu. Kosa ni kuficha.

Tuseme shirika linataka kutengeneza madawati 200 kwa shule za kata, na mjumbe mwenzenu ana karakana ya useremala. Bei yake ni ya chini na kazi yake inajulikana. Je, anyimwe kwa sababu ni mjumbe? Si lazima. Afanye hivi: mwanzoni mwa kikao atangaze kwamba ana maslahi kwenye ajenda namba fulani. Ajenda hiyo ikifika atoke nje ya chumba, maana akibaki kimya kitini wenzake hawatamjadili mbele ya uso wake. Bodi iangalie kama bado ina akidi bila yeye. Zabuni zilinganishwe kwa sera ya manunuzi ileile inayotumika kwa mgeni. Kisha katibu aandike kwamba fulani alitangaza maslahi, alitoka saa ngapi, alirudi saa ngapi. Hapo hata mfadhili mkali hatapata pa kushika.

Kanuni hiyo inamhusu pia mke, mume, mtoto, shemeji na kampuni ambayo mjumbe anaimiliki kwa jina la mwingine. Inahusu ajira kama inavyohusu manunuzi. Inahusu pia jambo ambalo watu hawapendi kulitaja: posho ya kikao. Bodi inapojiongezea posho, wote wana maslahi na hakuna wa kutoka nje. Kwa maoni yangu, kiwango cha posho kisiwekwe na wajumbe watakaokipokea mwaka huohuo. Kianze kutumika kwa bodi ijayo, au kipitishwe na mkutano mkuu. Nauli halisi na malazi ya mjumbe aliyetoka mbali havina ubishi. Lakini bodi inayokutana mara tisa kwa mwaka katika shirika lenye wafanyakazi wanne, nashuku inakutana kwa ajili ya bahasha.

Ninaloliona gumu zaidi ni bodi ya ukoo: mwanzilishi ni mkurugenzi, mkewe mhazini, kaka yake mwenyekiti, na wewe umeitwa kuongeza sura mpya. Watu hao huenda wamejitolea kuliko mtu yeyote. Shirika lisingekuwepo bila wao. Hata hivyo, mkurugenzi hawezi kusimamiwa na mkewe na kaka yake. Kabla hujakubali, uliza kama wako tayari kuweka mpango wa wanafamilia kupungua ndani ya muda maalumu. Wakikwepa, shukuru kwa heshima uliyopewa, ukatae.

Fedha, hata kama si mhasibu

Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walishasema, lakini siku hizi daftari lipo na mali inaisha vilevile kwa sababu hakuna anayelisoma. Huhitaji cheti cha uhasibu cha NBAA kuwa mjumbe mzuri. Unahitaji ujasiri wa kuuliza maswali ya mtu wa kawaida.

La kwanza: fedha zilizoko benki ni za nani? Shirika linaweza kuwa na shilingi milioni 300 kwenye akaunti na bado likawa maskini wa kutupwa, kwa sababu zote zimefungwa kwenye mradi wa visima na haziruhusiwi kulipa hata umeme wa ofisi. Omba taarifa itenganishe fedha zenye masharti na fedha huru. Dalili ya hatari ni pale mradi mmoja "unapoukopesha" mwingine. Mkurugenzi atasema ni wiki mbili tu. Bodi iulize azimio la mkopo huo liko wapi na mfadhili aliafiki kwa barua gani.

La pili: masurufu. Nani amechukua fedha za safari na shughuli na hajafanya marejesho, na ni za tangu lini? Orodha hiyo iletwe kila robo mwaka ikiwa na majina. Masurufu ya miezi mitano yasiyorejeshwa tayari ni mkopo, na mara nyingi jina la kwanza kwenye orodha huwa la mkubwa.

La tatu: makato ya wafanyakazi. Kodi ya mshahara imefika TRA? Michango imefika NSSF, na ile ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Wapo wanaoamini kwamba shirika lisilotafuta faida halilipi kodi. Si kweli. Hadhi ya shirika la hisani kwa kodi ya mapato huombwa kwa Kamishna na hutolewa kwa maandishi, na hata ikitolewa haigusi kodi ya mshahara wa mfanyakazi, ambayo mwajiri anaikata na kuiwasilisha kwa niaba ya serikali. Mkurugenzi aliyebanwa na fedha huanza kula makato, kwa kuwa hakuna anayelalamika haraka. Deni likija, linakuja na riba na adhabu, na hakuna mfadhili atakayekubali kulilipa. Omba kuona stakabadhi, usiombe maelezo.

La nne: saini benki. Watia saini wawili hawana maana kama mmoja anasaini vitabu vya hundi vikiwa vitupu kwa sababu anaishi mbali. Siku hizi ugonjwa umehamia kwenye benki ya mtandaoni, ambako mhasibu anatunza namba za siri za waidhinishaji wote wawili "ili kurahisisha kazi". Kama wewe ni mtia saini na hujawahi kuingia kwenye mfumo mwenyewe, mtu mwingine anasaini kwa jina lako.

Mkaguzi wa nje achaguliwe na bodi au mkutano mkuu, kamwe asichaguliwe na mkurugenzi anayekaguliwa, na awe amesajiliwa na NBAA. Akimaliza, msiridhike na hati safi. Iombeni barua yake kwa menejimenti, ile yenye orodha ya udhaifu aliouona. Tengeni nusu saa mkae naye bila menejimenti chumbani. Maswali mawili yanatosha: kuna kitu ulinyimwa? Na yale uliyoyaandika mwaka jana, mangapi yamerekebishwa?

Kwa Msajili na kwa umma

Sheria ya 2002 inalitaka shirika liandae kila mwaka taarifa ya shughuli zake na taarifa ya fedha iliyokaguliwa, ziwasilishwe, na taarifa ya shughuli iweze kuonwa na umma. Kanuni zilizotolewa 2018 ziliongeza mzigo: mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na mapato na matumizi ya fedha hizo yatangazwe kila nusu mwaka. Unaweza kuzilalamikia kanuni hizi, na asasi nyingi za kiraia zimelalamika. Wakati zinatumika, kazi ya bodi ni kuhakikisha zinatekelezwa, na kumwomba mwanasheria au ofisa maendeleo ya jamii wa wilaya athibitishe kama kuna badiliko jipya. Mabadiliko ya viongozi nayo yapelekwe. Orodha ya Msajili yenye mjumbe aliyefariki ni jambo la kuonea haya.

Ongeza na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Shirika linalopiga picha watoto, kuhifadhi majina ya wagonjwa au kuandikisha kaya maskini linashika taarifa za watu. Bodi iulize zinatunzwa wapi na nani aliridhia.

Makosa yana adhabu. Kwa jinsi sheria ilivyoandikwa 2002, kutoa taarifa ya uongo ili kupata usajili au kuendesha shirika bila usajili kunaweza kuleta faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na aliyetiwa hatiani anaweza kuzuiwa kushika wadhifa kwenye NGO kwa hadi miaka mitano. Faini si kubwa. Jina ndilo linalouma.

Mkurugenzi ni mmoja

Bodi ina mfanyakazi mmoja tu: mkurugenzi mtendaji. Wengine wote ni wafanyakazi wake. Mjumbe anayepita ofisini kila Jumatatu "kuangalia kazi inavyokwenda" anamvua mkurugenzi nguo mbele ya watu wake, na baadaye bodi haiwezi kumwajibisha kwa maamuzi ambayo si yake. Ukiwa na ujuzi unaohitajika, wa uhasibu, wa ujenzi, wa sheria, toa ushauri kwa kuombwa, na iandikwe kwamba unajitolea kama mshauri.

Mfanyakazi akikufuata nyumbani jioni na malalamiko, msikilize kwa adabu, umwelekeze kwenye utaratibu wa malalamiko. Tofauti ni moja: malalamiko yanapomhusu mkurugenzi mwenyewe, au yanagusa wizi au unyanyasaji wa watoto. Hayo yaende kwa mwenyekiti siku hiyohiyo, kwa maandishi, na kikao cha dharura kiitwe.

Kwa upande wake bodi imtathmini mkurugenzi kila mwaka, kwa malengo waliyokubaliana mwanzoni. Bodi nyingi huliogopa jambo hili kwa sababu ni mtu mzima, ni mwanzilishi, tumetoka naye mbali. Matokeo yake hukaa kimya miaka minane, halafu humfukuza kwa usiku mmoja, bila barua ya onyo hata moja, na shirika hulipa fidia huko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Siku ya kuondoka

Muda wako ukiisha, ondoka, hata ukiombwa ubaki "kidogo tu". Ukitaka kujiuzulu kabla ya muda, andika barua yenye tarehe kwa mwenyekiti, nakala kwa katibu, na utunze iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kuacha kuhudhuria si kujiuzulu: jina lako linabaki kwa Msajili, na maamuzi yanaendelea kupitishwa huku ukihesabiwa kuwa mjumbe. Kujiuzulu nako hakufuti yale uliyoyaidhinisha ulipokuwapo, kwa hiyo beba nakala za kumbukumbu za vikao vyako.

Kama ulikuwa mtia saini, usimwachie mtu mwingine kazi ya kukuondoa. Azimio la bodi la kubadilisha watia saini lipelekwe benki, nawe uombe uthibitisho wa maandishi kwamba saini yako imefutwa. Rudisha faili, mihuri na kompyuta za shirika kwa orodha, mpokeaji asaini. Kisha mwandikie katibu akuonyeshe taarifa ya mabadiliko ya viongozi iliyopelekwa kwa Msajili. Mpaka uione, kwa Msajili wewe bado ni mjumbe wa bodi.